Mgeni Hapokewi Dunguni

Mpaka leo mtu akinijia na habari za mwekezaji, namuuliza kwanza: anakuja mwezi gani? Watu hucheka. Hudhani mwalimu sasa amezeeka. Waache wacheke. Mwekezaji wetu wa kwanza alikuja mwezi ambao mpunga ulikuwa unatia maziwa, na baada ya hapo mama yangu hakuvuna tena.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini sokoni Kibiti, na kila mwenye cha kuuza alikuwa anauza bila kujificha. Sisi watu wa delta ruksa yenyewe ilichelewa kutufikia, ila maneno yake yalitangulia. Neno "mwekezaji" lilifika kwetu kabla ya mwekezaji, na kabla hatujamtia machoni tulikuwa tumeshamgawana. Vijana walimtaka awape ajira. Wenye wagonjwa walimtaka ajenge zahanati. Mwenyekiti wa kijiji alimtaka alete barabara. Mama yangu alitaka mashine ya kukoboa tu, maana kutwanga kulikuwa kumemchosha mabega.

Mama alikuwa na shamba la mpunga kwenye kisiwa kimoja cha delta, unalifikia kwa mtumbwi maji yakiwa yamejaa. Bibi yangu ndiye aliyekata mikoko akalifungua, na alipofariki mama akalishika. Kulizunguka kulikuwa na kingo za matope, za kuzuia maji ya chumvi yasiingie wakati wa bamvua, bahari inapopanda kuliko kawaida yake. Kingo hizo hubomoka kila mwaka na kila mwaka lazima zizibwe, kwa mikono, mtu umezama magotini. Ukiacha kuziba msimu mmoja utalia. Ukiacha miwili usijisumbue kulia.

Mpunga ukishaanza kutia maziwa huja kazi ya kuamia, kufukuza ndege na kima wasiumalize. Hapo kijiji kizima huhamia mashambani. Kila familia ina dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini. Mnalala humo, mnapika humo, na tangu alfajiri mpaka magharibi mtu yuko juu anapiga debe, anarusha mabonge ya tope kwa kombeo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Mama alikuwa na ukelele wake, "Hoyaaa, we!", mrefu, unaoishia juu. Niliufahamu kabla sijafahamu jina langu.

Sasa kuna jambo la dungu ambalo kwetu hakuna anayelifundisha, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Mgeni hapokewi dunguni. Dunguni mtu yuko na kaniki iliyochanika, kichwa kimejaa vumbi la makapi, miguu tope tupu, na sufuria ni ile iliyotoboka ikazibwa. Mtu akipita na mtumbwi atasema "Poleni na kazi" huku akitazama pembeni, nanyi mtaitika "Tushapoa," naye atapiga pondo aende zake. Kumkaribisha mgeni dunguni ni sawa na kumkaribisha bafuni. Mgeni ana mahali pake, nao ni nyumbani, uwanja umefagiwa, mkeka umetandikwa, mwenyeji ameoga.

Basi msimu huo mwenyekiti alizunguka na mtumbwi shamba hadi shamba, anapaza sauti akiwa majini. Kesho kutwa kunakuja mwekezaji, mgeni mkubwa wa kutoka nje, ushirikiano wa serikali yao na serikali yetu. Anakuja kuitazama ardhi yetu alime mpunga wa kisasa. Watu wote nyumbani, asibaki mtu kondeni, tusije tukatia aibu.

Nilikuwa dunguni na mama siku hiyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, lakini wakati wa kuamia darasani hubaki madawati, hivyo wengi wetu tulikuwa tunawafuata wazazi shambani. Nilimwambia mama, "Na ndege je? Si watamaliza?"

"Ndege akila, kala riziki yake," alisema. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. "Mgeni akija akakosa mtu wa kumpokea, aibu hiyo ya nani? Si ya siye?"

"Mama, huyo anakuja kutazama shamba. Si atukute shambani?"

Alinitazama kama niliyesema tumpokee mgeni uchi. "Wee mwana we! Umesoma, lakini adabu umeiacha wapi? Mgeni hapokewi dunguni."

Nikamsaidia kufunga vyombo, kwa sababu alikuwa na haki. Hata mimi nisingependa kukutwa na mgeni nimevaa ile kaniki. Tukashuka ngazi, tukapanda mtumbwi. Mitumbwi ilitoka kila kijito siku hiyo, mizigo, kuku, watoto, vikongwe, watu wakitaniana nani ataoga kwanza. Nyuma yetu madungu yalibaki kimya. Nakumbuka kundi la kwanza la ndege lilitua kabla hatujafika hata kwenye kona ya kijito, maana mama aligeuka akapiga ule ukelele wake kwa mazoea tu, kisha akacheka.

Kijiji kilipendeza, siwezi kusema uongo. Uwanja ulifagiwa ukanyunyizwa maji. Kamba wabichi walipatikana, wali ukaungwa nazi, wanaume wakaleta ngoma. Kitambaa cheupe kilitundikwa kati ya minazi miwili, kimeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na mwandishi wake, naona haya kusema, nilikuwa mimi kwa rangi ya shule. Mama alitoa mkeka wake wa ukindu, wenye mistari ya zambarau na manjano, aliousuka kwa ajili ya harusi yangu ambayo ilikuwa bado haijapata bwana. Aliutandika mbele kabisa. Tukasubiri. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, tukaambiwa gari lao limekwama njiani. Ngoma zilipigwa zikachoka. Tulilala hivyo hivyo, na wageni waliingia kesho yake, jua limeshapanda, kwa boti ya mashine kutoka Nyamisati.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu mpole, mrefu, na uso wake ulikuwa umeungua jua. Sina ugomvi na sura yake. Alipeana mikono na watu wengi kadiri alivyoweza. Lakini alikuwa amevaa mabuti yenye kamba ndefu, na alipofika kwenye mkeka wa mama akasita, akatazama miguu yake, akauzunguka. Mama akabaki amesimama pembeni na kanga zake mpya, mkono ameunyoosha kuonyesha pa kukaa. Ofisa aliyeongozana naye kutoka Dar es Salaam, mtu mnene mwenye sauti ya kutoa amri, akatazama saa yake akasema maji yanapwa, chakula kitangoja, kwanza twende tukaone ardhi. Akauliza kama kuna mtu wa hapa anayejua Kiingereza. Watu wakanisukuma mbele kwa furaha. Binti wa fulani anapanda boti na mwekezaji! Wanawake wakapiga vigelegele.

Tuliingia kwenye vijito ngoma bado zinasikika nyuma yetu.

Sitaki kukumbuka niliyoyaona, ila huwa yanakuja yenyewe. Madungu yamesimama mstari, ngazi zinaning'inia, hapana moshi, hapana debe, hapana mtu. Na ndege! Walikuwa wameinamisha mpunga kwa uzito wao. Wakiinuka kwa mlio wa mashine, jua linafifia kidogo, halafu wanarudi pale pale kula. Kima walikaa juu ya dungu la mama, kwenye mlango wake, wanamenya masuke taratibu kama waliolipiwa.

Mgeni aliomba boti ipunguze mwendo. Akauliza wenye mashamba wako wapi. Nilifungua kinywa kujibu, ofisa akaniwahi. Akasema kwa Kiswahili, akitaka niyatafsiri, "Mwambie ndio wale tuliowaacha wanapiga ngoma. Hawa watu ndivyo walivyo. Wanarusha mbegu, wanaondoka, ndege wanakula. Pori hili lote halina mwenyewe."

"Mheshimiwa," nikasema, "lina wenyewe. Hilo dungu lenye kima ni la mama yangu. Wametoka kuja kuwapokea nyinyi. Siku tatu sasa."

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenikasirikia. Alitabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto anayekatiza maongezi ya wakubwa, akasema, "Mwalimu, tafsiri ulichoambiwa."

Nilitafsiri. Halafu nikaongeza yangu kwa Kiingereza, kwamba shamba hili linalimwa, watu hukaa humu miezi, leo wametoka kwa ajili ya heshima. Mgeni aliitikia kwa kichwa, kwa upole uleule. Nadhani alinisikia. Lakini alikuwa anatazama mbele, na mbele yake kulikuwa na ndege na nyumba tupu. Ungekuwa wewe ungeamini nini, maneno ya mwalimu asiyejua Kiingereza vizuri, au macho yako? Na hasira yangu inaanzia hapo hapo. Nikitafuta mwongo katika ile boti simpati. Kila alichokiona mgeni kilikuwa kweli. Sisi wenyewe tulimpangia tukampambia, tukafagia mpaka mashamba yakabaki hayana mtu.

Tulirudi kijijini, wakala wali wamesimama, wakaondoka kabla maji hayajapwa yote. Mama aliukunja mkeka wake bila kuukung'uta, hapakuwa na cha kukung'uta. Msimu ule tulivuna mapepe, masuke yasiyo na punje.

Hatujakaa sana tukaitwa mkutanoni. Ofisa alisimama juu ya benchi akatueleza ushirikiano ulivyo. Wao wanaleta mitaji na utaalamu, sisi tunaleta ardhi na nguvu kazi. Itajengwa mashine ya kukoboa. Watu wakapiga makofi, na mama akapiga pia, nilimwona. Halafu akasema kwamba kuanzia msimu unaokuja mtu asipande kwenye visiwa vilivyopimwa, ili mitambo isikute mazao ya watu. Mzee mmoja akauliza wakati tunasubiri mitambo tutakula nini. Akajibiwa kwamba maendeleo yanataka subira. Vikapigwa vigingi vyenye kichwa chekundu. Kimoja kilipigwa kwenye ukingo wa shamba la mama, pale hasa ambapo kila mwaka maji yalikuwa yanatafuta njia.

Mama alitii. Watu wananiuliza kwa nini alitii, wanafikiri hakuwa na akili. Alikuwa nayo. Alitii kwa sababu ameahidiwa na mgeni aliyempokea kwa mkono wake, na kwetu mtu uliyempikia chakula hawezi kukutenda ubaya. Hilo nalo ni kosa letu, wengine hawalifanyi.

Tukangoja. Siku moja lilishushwa Nyamisati sanduku kubwa la mbao, refu kupita mtu, limeandikwa maneno ya kwao. Watu wakasema ndiyo mashine ya kukoboa. Wengine wakasema ni pampu. Hakuja mtu wa kulifungua. Mvua ikanyesha, msimu wa kwanza ukapita, wanawake wakaanza kuanika samaki juu yake. Msimu wa pili ukapita. Tukasikia, kwa njia ya kusikia tu, kwamba kampuni na washirika wake wamekosana huko kwao, mgeni amehamia nchi nyingine yenye masharti nafuu. Hakuna aliyekuja kutuaga. Sanduku lilipooza upande mmoja tukaona ndani mna vyuma, vya kazi gani mpaka leo sijui.

Mama alikwenda ofisini mwenyewe kuomba arudie shamba lake. Nilimsindikiza. Karani alimwambia ardhi ile ina mkataba, ni ya mwekezaji.

"Mwekezaji si kaondoka, baba?"

"Ameondoka, ila mkataba upo."

"Sasa mkataba ndo unakula mpunga?"

Karani akacheka, nami nikacheka kwa uchungu, mama peke yake hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Alikwenda kulitazama shamba siku ile ile. Bamvua mbili tatu zilikuwa zimeshapita juu ya kingo ambazo hakuna aliyeziziba. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia yakatulia humo. Udongo ulikuwa na weupe juu kama uji uliokauka kwenye sufuria, na mikoko michanga imeanza kuchipua katikati. Akaonja tope kwa ulimi, akatema. Njiani kurudi akasema, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ya pili hakulala, na jembe kaondoka nalo." Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akifanya utani juu ya jambo hilo.

Nilipohamishiwa shule ya Kibiti nikamchukua akae na mimi. Akawa anasuka mikeka barazani, anatazama magari ya barabara ya Lindi. Yalikuwa magari mengi meupe miaka hiyo, ya miradi, ya washauri, ya ushirikiano wa hiki na kile. Kila likipita aliuliza, "Hao nao wanakwenda kuona nini?" Nilichoka kumjibu. Nilimnunulia mchele, mzuri, wa Ikwiriri. Alikula, akashukuru, na kila mara akasema hauna ladha. Iliniudhi sana ile kauli. Nilijua hainilengi mimi, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kisha ukaja ujumbe mwingine. Wageni wengine, kampuni nyingine, neno lilelile. Walisikia kuna ardhi kubwa delta ambayo haitumiki. Haitumiki! Na ofisa aliyewaleta, sasa amepanda cheo na kunenepa zaidi, alikuwa yule yule. Wakaagiza tena mwalimu anayejua Kiingereza. Nilitaka kukataa. Mama akasema, "Nenda. Na mie nakwenda."

"Unakwenda wapi, na miguu hiyo iliyovimba?"

"Shamba."

Nilimwambia hapana shamba. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimebeba hasira za watu wengi na nikazimwagia kwake. Alimtuma mtu kwa kaka yangu aliyebaki kijijini, na kaka akamchukua siku chache kabla ya ujumbe kufika, akamsimamishia dungu kwa miti mipya juu ya zile nguzo za zamani. Kaka naye aliniambia baadaye alidhani mama anataka kuaga.

Siku ya ujumbe kijiji kilifagiwa kama zamani. Mwenyekiti mpya alikuwa amezunguka akiita watu wote watoke makondeni, waje wapokee wageni. Ngoma zilikuwepo. Kitambaa kilikuwepo, maneno ni yaleyale, safari hii hawakunipa mimi kuandika. Nilipanda boti na ofisa na mgeni mpya, kijana, mwenye viatu vyepesi. Tukaingia vijitoni. Upande huu mikoko, upande huu madungu matupu ya wale ambao bado walikuwa na pa kulima, na ndege juu ya mpunga wao wanakula. Ofisa alikuwa ameshaanza hotuba yake. Niliijua neno kwa neno.

Tulipokata kona nikamwona.

Amekaa mlangoni pa dungu, juu ya ardhi isiyo na hata jani la mpunga, chumvi tupu na mikoko. Amevaa kaniki iliyochanika. Kichwa hakukifunga. Miguu yake, ile ya kuvimba, ilikuwa imejaa tope mpaka magotini, nikafahamu kwamba alishuka akaipaka mwenyewe. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukubali hata mpita njia amwone hivyo. Nilitazama pembeni kwa mazoea. Kisha nikageuza uso nikamtazama.

Mgeni akaomba boti ipunguze mwendo. Akauliza yule mama anafanya nini pale. Ofisa akasema, "Mwambie ni mgonjwa wa akili. Hapa hapalimwi, ni pori."

Mama akasimama. Akatia bonge la tope kwenye kombeo, akalizungusha, akaliachia, likapiga maji mbele ya boti yetu, matone yakaturukia. Akatia la pili. Na ule ukelele wake ukatoka, mrefu, wa kuishia juu, umekwaruza kwa uzee lakini ni ule ule.

"Hoyaaa, we! Hoyaaa!"

Mgeni akajifuta tope shavuni. Akanigeukia mimi, akauliza anasema nini.

"Mwalimu," ofisa akaanza.

"Anasema shamba hili lina mwenyewe," nikamwambia mgeni.